Bei Inboksi Haionekani Google: Mwongozo kwa Wauzaji wa Mombasa

Tangu tarehe 10 Julai 2025, picha na video za hadharani zinazowekwa Instagram na akaunti za kibiashara zinaweza kuingia katika matokeo ya Google na mitambo mingine ya kutafuta. Wala hazihesabiwi kuanzia siku hiyo tu: ruhusa inarudi nyuma hadi 1 Januari 2020. Yaani ile dera uliyoipiga picha wakati wa korona, ukaandika chini yake "Mzigo mpya, bei inboksi" na vikopa vitatu, leo yaweza kumtokea mtu wa Nakuru au wa Maskati ambaye hajawahi kulisikia jina lako.

Kazi yangu ni kuwatengenezea kurasa wafanyabiashara wadogo hapa Mombasa: wauza leso wa Mtaa wa Biashara, wapambaji hina, mafundi wa kanzu, kina mama wa mahamri na mbaazi, na wenye nyumba za kupangisha wageni kule Nyali na Bamburi. Nikiwaambia habari hii, wengi hunijibu kwamba kizuri chajiuza. Sawa, chajiuza, lakini kwa anayekiona. Mteja mpya siku hizi anakiona kwanza kwenye simu, katika orodha ya majibu ya Google, kabla hajavuka Nyali Bridge wala kupanda feri ya Likoni. Ndiyo maana nawasisitizia wote jambo moja: kila unachoweka mtandaoni kiandike kwa ajili ya mtu asiyekujua kabisa. Wateja wako wa zamani wana namba yako na wanajua ulipo. Huyu mgeni hana chochote ila maneno aliyoyaandika kwenye kisanduku cha kutafutia.

Haya nitakayoeleza hayahitaji pesa. Yanahitaji simu yenye bando na jioni mbili tatu za utulivu.

Jitafute kwanza

Fungua kivinjari cha simu, kisha fungua dirisha la faragha, lile lisilohifadhi historia. Hii ni lazima, kwa sababu Google hukumbuka kurasa unazozifungua mara kwa mara, na ukijitafuta kwa njia ya kawaida utajiona uko juu ukaridhika bure.

Andika kwanza jina la biashara yako. Tazama kinachotoka: ni ukurasa wako wa Instagram, ni ule wa Facebook uliouacha zamani, ni video ya TikTok ya mteja, au ni biashara ya mtu mwingine yenye jina kama lako? Pili, andika bidhaa na mahali bila jina lako: "leso za jumla Mombasa", "hina ya harusi Nyali", "fundi kanzu Mombasa". Tatu, andika swali kama mteja anavyoliuliza: "biriani ya kuagiza Mombasa bei gani". Katika kila utafutaji usiishie ukurasa wa mwanzo wa maandishi. Gusa sehemu ya picha, kisha ya video, kisha ramani, maana mteja wa hina huangalia picha na mteja wa chakula huangalia ramani.

Halafu andika site:instagram.com ikifuatwa na jina la biashara yako, bila kuacha nafasi baada ya nukta mbili. Hapo Google itakuonyesha yale ya Instagram peke yake iliyokwisha kuyaokota. Fanya vivyo hivyo kwa facebook.com na tiktok.com. Mimi huchukua picha ya skrini ya kila tokeo nikaiweka kwenye folda moja, ili baada ya miezi nilinganishe.

Kuna jambo wengi hawalifikirii: Google huangalia pia mtafutaji amesimama wapi. Unayoyaona ukiwa Majengo siyo anayoyaona ndugu yako aliye Nairobi. Na harusi nyingi za Mombasa hupangwa na watu walio mbali, bibi harusi yuko Nairobi au Dubai, anakuja wiki moja kabla ya nikaha. Kwa hivyo mwombe ndugu au rafiki aliye nje ya Mombasa aandike maneno yale yale, akutumie picha ya skrini. Hiyo ndiyo sura yako kwa mgeni.

Mlango upi uko wazi

Ni vyema ujue kipi chaonekana na kipi hakionekani, usije ukamwaga nguvu zako mahali pasipo na njia.

Stetasi ya WhatsApp huiona wenye namba yako tu, na baada ya saa 24 imekwenda. Google haiijui. Kundi la Facebook lililofungwa halionekani nje, hata liwe na watu elfu hamsini. Ukurasa wa Facebook wa hadharani huonekana. Video za TikTok za akaunti iliyo wazi huonekana. YouTube ni mali ya Google tangu 2006, na video zake hupewa nafasi kubwa katika matokeo. Instagram huonekana ikiwa akaunti ni ya kibiashara au ya mtengeneza maudhui, iko wazi, na mwenyewe ametimiza miaka 18. Akaunti ya kawaida ya mtu binafsi haimo katika mpango huu.

Kwa hiyo ingia kwenye mipangilio ya Instagram, fungua sehemu ya faragha ya akaunti, utakuta kitufe cha kuruhusu picha na video zako za hadharani zionekane kwenye mitambo ya kutafuta. Hakikisha unajua kimewashwa au kimezimwa. Nimekutana na watu wanaoandika vizuri sana huku kitufe hicho kimezimwa, na wengine wenye picha za familia kwenye akaunti ya duka huku kimewashwa.

Lakini usiweke mayai yote humo. Milango hii hufunguliwa na kufungwa na wenye mitandao wakipenda. Google na Twitter walifanya mapatano mwaka 2009, tuwiti zikawa zinaonekana papo hapo kwenye matokeo, mapatano yakaisha 2011, zikatoweka, wakarudiana 2015. Hakuna muuzaji aliyeulizwa. Ndiyo sababu nitakuambia baadaye kidogo habari ya ramani.

Maelezo ya chini ya picha

Hapa ndipo penye kazi yenyewe, kwa hiyo tukae.

Nina mteja mpambaji hina wa Majengo. Mkono wake una baraka, kazi yake inatazamika. Picha aliyonipa ilikuwa ya mikono ya bibi harusi juu ya leso nyekundu, maua yamepanda mpaka kiwikoni, rangi imeshika. Chini yake alikuwa ameandika: "MashaAllah bibi harusi wetu. Bei inboksi. Karibuni nyote." Kisha alama za reli (#) kama ishirini, nyingi za Kiingereza zinazohusu mapenzi na urembo wa dunia nzima.

Wanaomfuata walifurahi, wakamwombea dua. Lakini msome kama mgeni. Yuko wapi? Haikusemwa. Anafanya nini hasa? Neno hina halimo kwenye maelezo, limo kwenye alama za reli, limefukiwa huko chini. Google haikuwa na cha kushika. Tukakaa naye barazani kwake tukaandika upya:

"Hina ya bibi harusi Majengo, Mombasa. Hina nyekundu ya asili, bila piko, maua makubwa, mikono yote miwili mpaka kiwikoni na miguu mpaka juu ya kifundo. Kazi yachukua kama saa tatu. Bei ya bibi harusi yaanzia shilingi 4,000, wasindikizaji shilingi 500 kwa mkono. Twaja nyumbani: kisiwani, Nyali, Kisauni, Likoni. Kuweka nafasi ni kwa WhatsApp, namba iko juu ya ukurasa. MashaAllah, Mungu awape ndoa yenye kheri."

Dua imebaki, imeshuka mwishoni. Kitu na mahali vimepanda juu, kwa sababu tokeo la Instagram kwenye Google hubeba jina la akaunti, kisha maneno ya mwanzo ya maelezo yako, na baada ya hapo hukatwa. Maneno sita saba ya mwanzo ndiyo anayoyasoma mgeni kabla hajaamua kugusa. Ukiyatumia kusema "Karibuni tena wapenzi wetu", umeyapoteza.

"Majengo, Mombasa", kwa sababu Majengo ziko nyingi Kenya, na ile ya Nairobi ina watu wengi wanaoitafuta. Mtaa wa Biashara uko Mombasa na uko Nairobi. Bondeni iko Mombasa na iko Nakuru. Wewe unajua unaisema ipi, Google inakisia. Usiiache ikisie. Na kama uko Mtwapa, andika Mtwapa na Kilifi, lakini taja pia umbali wako na Mombasa, maana wageni wengi huitafuta Mtwapa wakidhani ni mtaa wa Mombasa.

"Bila piko", kwa sababu kuna watu wanaotafuta hivyo hivyo. Piko ni rangi ya nywele yenye kemikali iitwayo PPD, na kuna ngozi zinazovimba na kutoka malengelenge kwa ajili yake. Mwanamke aliyeungua mara moja hatafuti "hina nzuri". Anatafuta ya asili, na anataka kuhakikishiwa. Kila kazi ina neno la namna hiyo, neno linalotoka kwenye wasiwasi wa mteja. Kwa keki ni "bila mayai". Kwa nyumba ya kupangisha ni "maji ya saa zote", na mtu yeyote aliyeishi Mombasa anajua kwa nini. Yasikilize maswali wanayokuuliza kwenye simu, kisha andika majibu yake chini ya picha, kwa maneno yale yale waliyoyatumia.

Kwa wauza leso nina nyongeza. Andikeni jina la leso herufi kwa herufi. Mteja aliyeiona "Hasidi hana sababu" kiunoni mwa shoga yake kwenye kesha la harusi atakwenda nyumbani aandike sentensi hiyo nzima kwenye Google. Kama jina liko kwenye picha tu, kitambaa kimekunjwa na herufi nusu hazionekani, hatakupata. Taja na chapa, maana wako wanaoandika "Mali ya Abdulla" kwa ukamilifu wake na hawataki nyingine. Taja rangi, taja kama waiuza doti moja au jumla, na uandike leso na kanga yote mawili, ili wa Mombasa na wa Dar es Salaam wote wakufikie. Mstari mmoja wa Kiingereza mwishoni pia ni mzuri ukiwa unauza kikoi au unapangisha nyumba, kwa kuwa watalii na Wakenya wengi wa bara hutafuta kwa Kiingereza.

Alama za reli tatu au nne zinatosha, zote za kitu na mahali. Wala usirudie neno moja mara kumi ukidhani Google itakupenda zaidi. Anayesoma ni binadamu, na binadamu huchoka.

Jambo jingine ambalo wengi hawajaligusa ni maandishi mbadala ya picha. Instagram iliyaweka 2018 kwa ajili ya watu wasioona, ambao simu huwasomea kilichomo pichani. Yako kwenye mipangilio ya ziada unapopakia picha. Andika kwa uaminifu kilichopo: "Mikono ya bibi harusi yenye hina nyekundu ya maua, juu ya leso nyekundu". Unamfaa asiyeona, na unauambia mtambo picha ni ya nini.

Jina la akaunti nalo lina sehemu mbili: lile linaloanza na alama ya @, na lile la juu lenye herufi nzito. Hilo la pili liandike pamoja na kazi na mji, kwa mfano jina lako, kisha "Hina Mombasa". Na jina liwe moja kila mtandao. Ukiwa jina hili Instagram, jingine Facebook na la tatu TikTok, Google itakuona watu watatu.

Kwenye video, sema. Usiweke muziki peke yake. Fungua mdomo mwanzoni kabisa: "Hivi ni viazi karai, tuko Lighthouse, Mombasa, sahani shilingi kadhaa." Maneno hayo hayo yaandike juu ya video na chini yake. Vijana hawaanzii Google kila mara: mwaka 2022 Prabhakar Raghavan, aliyekuwa mkuu wa utafutaji wa Google, alisema hadharani kwamba karibu 40% ya vijana wakitaka mahali pa kula chakula cha mchana huenda TikTok au Instagram. Kisanduku cha kutafutia cha TikTok nacho husoma maneno, kwa hiyo kazi ni moja, inakulipa mara mbili.

Bei

Hili ndilo ninalobishana nalo zaidi na wateja wangu, na sitaacha kubishana.

Mama mmoja mwenye duka la leso aliniambia, "Mwanangu, nikiiweka bei, huyu wa pili yangu ataniuzia chini."

Nikamjibu, "Mama, wa pili yako huchukua mzigo pale pale unapochukua wewe. Bei yako aijua hata kabla hujafungua mlango. Asiyeijua ni mteja."

Alinyamaza, akaniambia niandike "kuanzia". Hilo linatosha kabisa. Bei ya kuanzia, au bei ya chini na ya juu, humwezesha mgeni kujua kama hapa ni pake. Mtu anayetafuta usiku wa manane akiwa na matokeo kumi mbele yake hatauliza inboksi kumi. Atagusa lile lenye jibu. Na "bei inboksi" ni maneno ambayo hakuna anayeyatafuta. Yule mama anasema simu zimebadilika: zamani ziliuliza ni pesa ngapi, sasa zauliza kama rangi ya kijani bado ipo.

Bei ikipanda, rudi uhariri maelezo. Usifanye uvivu hapa. Tokeo la zamani lenye bei ya zamani huleta ugomvi mlangoni, na mteja ana haki ya kukasirika. Kila mara ninapoanza na mteja mpya tunarudi nyuma mpaka Januari 2020, tunapitia chapisho moja moja: namba ya simu isiyotumika, tawi lililofungwa, ofa iliyokwisha. Lenye picha nzuri tunaliandika upya. Lisilofaa tunalificha au kulifuta.

Picha za watu

Hapa nawasihi wapambaji, wapiga picha, wenye kumbi na walimu wa madrasa wanaoendesha kurasa. Bibi harusi alipokuruhusu kumpiga picha mwaka 2022, alidhani wataiona wafuasi wako, wengi wao wanawake wa hapa hapa. Sasa picha hiyo hiyo inaweza kutokea kwa yeyote anayetafuta hina. Kama kichwa kilikuwa wazi, kama ni dada ambaye hatoki bila buibui, umeitoa sitara yake mahali ambapo hakukubali. Sitara ya mtu ni amana.

Mimi nimeweka utaratibu. Mikono na miguu peke yake, bila uso, ndiyo kawaida. Uso ukionekana, nataka ruhusa ya maandishi, hata ujumbe wa WhatsApp, unaotaja wazi kwamba picha itaonekana Instagram na Google. Na ruhusa ya zamani siichukui kuwa ya leo. Naomba upya, au naiondoa picha. Watoto siwaweki bila mzazi kuandika.

Sheria nayo ipo. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na mwaka 2023 Kamishna wa Data aliitoza klabu moja ya Nairobi shilingi 1,850,000 kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja bila idhini yake, na shule moja shilingi 4,550,000 kwa picha za watoto zilizowekwa bila ruhusa ya wazazi. Duka dogo la Mombasa likitozwa sehemu ya kumi ya hizo, limefunga.

Ukifuta picha Instagram, kivuli chake chaweza kubaki kwenye Google kwa muda. Google ina fomu ya bure ya kuomba maudhui yaliyopitwa na wakati yaondolewe: unabandika anwani ya ukurasa, unasubiri. Fanya hivyo siku hiyo hiyo dada anapokuomba, usimwambie asubiri.

Wafuasi wa kununua

Kuna vijana wanaouza wafuasi na kupendwa, elfu moja kwa bei ya chakula cha mchana. Usinunue. Januari 2014 Matt Cutts, aliyekuwa akiongoza kikosi cha Google cha kupambana na ulaghai wa matokeo, alieleza kwenye video kwamba idadi ya wafuasi na ya waliopenda huko Facebook na Twitter haitumiki kupanga matokeo. Hata linki unayoiweka kwenye mitandao hii kwa kawaida hubeba alama ya kuuambia mtambo usiihesabu kama kura ya kuupandisha ukurasa wako.

Mitandao hukusaidia kwa njia nyingine, nayo ni kubwa. Mtu akiiona video yako ya mkate wa sinia, kesho ataandika jina lako kwenye Google. Mwandishi wa safari akiipenda picha yako, ataiandikia kwenye tovuti yake na kukuwekea linki. Wafuasi wa kununua hawafanyi lolote katika hayo, kwa sababu hawapo.

Ramani

Maelezo mafupi ya biashara kwenye ramani ya Google, yale yenye saa za kazi na nyota, ni ya bure, na tangu 2023 yana mahali pa kuweka linki za kurasa zako za mitandao. Ziweke zote. Ndipo Google inapounganisha duka na zile picha na kujua ni mtu mmoja. Picha zako bora za Instagram zipakie na huku pia, ili mlango mmoja ukifungwa usibaki nje.

Mji wa Kale una vichochoro visivyo na namba za nyumba, na "nyuma ya msikiti, ulizia" haimsaidii aliyeshuka kwenye tuktuk Ngome ya Yesu akiwa na mizigo. Bonyeza mlango wako kwenye ramani kwa muda, utapata msimbo mfupi wa herufi na tarakimu wenye alama ya kujumlisha. Huo ndio anwani yako. Uweke kwenye maelezo ya ukurasa.

Badilisha saa zako mwezi wa Ramadhani, na uweke wazi kama unafunga Ijumaa kwa swala. Mtu akija akakuta mlango umefungwa huku simu inasema uko wazi, atakuandikia nyota moja, na nyota hiyo itasomwa na wengi kuliko picha zako zote. Ikitokea, jibu kwa adabu na kwa jina la biashara, eleza ulichorekebisha. Anayekufaa ni yule atakayesoma jibu lako baadaye.

Kujua kama inafanya kazi

Tengeneza linki za WhatsApp. Andika wa.me, mkwaju, kisha namba yako ikianza na 254 bila sifuri wala alama ya kujumlisha. Baada ya namba ongeza ?text= na ujumbe mfupi ambao mteja ataukuta umeshaandikwa; nafasi kati ya maneno iandike %20. Linki ya kwenye ramani iseme "Nimekupata Google", ya Instagram iseme "Nimeona Instagram", ya TikTok vivyo hivyo. Mteja akituma, unajua katoka wapi bila kumuuliza.

Wanaopiga simu au kuja dukani waulize, kisha andika kwenye daftari: tarehe, wametoka wapi, walitafuta maneno gani. Maneno hayo ni dhahabu, yaandike kama walivyoyatamka. Kila mwisho wa mwezi chukua yale yaliyojirudia, uyaweke kwenye maelezo ya picha zinazofuata.

Na uanze mapema. Google haiji siku hiyo hiyo kuokota ulichoweka; pengine itachukua siku, pengine wiki. Mpambaji wa hina anayetaka harusi za baada ya Idi aanze kuandika vizuri Rajabu na Shaabani. Mwenye nyumba Nyali anayewataka wageni wa Desemba, picha zake ziwe tayari Septemba, shule zikiwa zimeshafunguliwa muhula wa tatu, wakati wazazi wa bara wanaanza kuulizana watawapeleka watoto wapi.